Mashirika ya kutunza uashi na majengo ya kale: yanamfikia fundi aliye juu ya jukwaa, au yanaishia kwenye makaratasi?

#1 Mwiko_Na_Timazi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Dai langu ni hili. Mashirika ya kutunza urithi wa majengo ni mengi na miongozo yao imejaa makabati, lakini fundi mwashi anayesimama mbele ya ukuta wa matofali wa miaka mia na ushee bado anashika mfuko wa saruji, kwa sababu hakuna aliyemwambia la kufanya kwa vipimo. Mikataba ya kimataifa ya uhifadhi inasema tuheshimu uhalisi wa jengo. Sawa, tunaheshimu. Kiungo kati ya tofali na tofali kichimbwe kina gani? Chokaa karai ngapi kwa mchanga karai ngapi?

Mfano uko mezani. Ukuta wa matofali ya kuchoma, unene tofali moja na nusu, viungo vya mm 10 hadi 12, awali ulijengwa kwa chokaa. Miaka kumi na kitu iliyopita viungo vya upande wa nje vilijazwa upya kwa saruji na mchanga 1:3. Leo viungo vimesimama imara kabisa na matofali ndiyo yanayoisha: uso wa tofali umerudi ndani mm 8 mpaka 15, ukipitisha kiganja kinatoka na unga mwekundu, na viungo vimetokeza kama mbavu. Hali ni mbaya zaidi kati ya sm 40 na mita 1.2 kutoka ardhini. Chini ya sm 40 kuna nafuu.

Nani wa kuulizwa, anajibu nini hasa, na je, kosa ni la saruji peke yake?

#2 Chokaa_Mbichi

Mkuu, jibu umeliandika mwenyewe: 1:3 ya saruji. Ukuta wa zamani haukujengwa kuzuia maji, ulijengwa kuyapokea na kuyatoa. Mvua inaingia kidogo, hali ikikauka unyevu unarudi nje kupitia kwenye kiungo, maana chokaa ina vitundu vingi na ni laini kuliko tofali. Ukiziba kiungo kwa saruji, unyevu unabakiwa na mlango mmoja, nao ni uso wa tofali. Chumvi iliyoyeyuka inafuata njia hiyo hiyo. Maji yakikauka inaganda fuwele nyuma ya ngozi ya tofali, fuwele zinakua, ngozi inabanduka. Kiungo ndicho kilipaswa kuchakaa kwanza, kwa sababu kiungo unaweza kukijaza tena.

Kuhusu mashirika, usiyaonee. Society for the Protection of Ancient Buildings ya Uingereza, wengi tunaiita SPAB, ilianzishwa mwaka 1887 na William Morris na wenzake kupinga kukwanguliwa kwa lipu za makanisa ya kale na kung'olewa kwa nyongeza za karne zilizopita. Na wana simu ya ushauri wa ufundi, bure.

#3 KoziYaKwanza

@Chokaa_Mbichi ni 1877, si 1887. Mengine uko sawa.

Mleta mada anataka vipimo, vipo. National Park Service ya Marekani ina mfululizo wa miongozo mifupi, na namba 2 inahusu kujaza viungo upya tu. Kina: mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa kiungo. Kwa kiungo cha mm 10 unachimba mm 20 hadi 25, cha mm 12 unachimba mm 24 hadi 30. Ukikuta mota ya ndani (mchanganyiko uliojaza kiungo) inamomonyoka, endelea mpaka ufike penye uzima.

Halafu hatua ambazo watu huziruka. Piga brashi viungo vyote, suuza kuanzia juu kwenda chini, acha maji yanyweke: ukuta uwe na unyevu lakini pasiwe na maji yanayong'aa. Mashimo yenye kina zaidi yajazwe kwanza mpaka usawa uwe mmoja. Baada ya hapo jaza kwa tabaka zisizozidi mm 6 kila moja, na usiweke tabaka jipya mpaka lililopita likubali alama ya kidole gumba bila kubonyea. Ukijaza mm 25 kwa mkupuo mmoja, mota inasinyaa, inaachana na kingo za tofali, na ule mwanya mwembamba unakunywa maji kuliko kiungo kibovu ulichokitoa.

#4 Sululu

Kuchimba kwenyewe: grainda au patasi?

#5 Mzee_Wa_Timazi

@Sululu fanya hesabu kabla ya kuwasha. Diski ya mm 115 ikizama mm 20 inaacha mkato wa takribani mm 87 usoni pa ukuta. Kiungo cha wima kwenye tofali la kawaida kina urefu wa mm 65. Kwa hiyo haiwezekani kuchimba kiungo cha wima kwa diski hiyo bila kukata tofali la juu na la chini. Hata mkono uwe mtulivu vipi, jiometri haibembelezwi. Alama hizo zikishaingia haziondoki, na ukiona ukuta wa kale wenye mistari midogo juu na chini ya kila kiungo cha wima, ujue grainda ilipita.

Viungo vya kulala, kwa mikono iliyozoea, unaweza kupitisha mstari mmoja katikati ya mota, bila kugusa kingo, kisha patasi nyembamba inavunja mota kuelekea kwenye ule mstari. Nguvu ielekee katikati, isielekee kwenye tofali. Viungo vya wima ni patasi tu, au msumeno mdogo wa kutetemeka.

Na saruji iliyoshika kiasi cha kung'oka na pembe ya tofali, iache. Jaribu mita moja ya mraba kwanza. Matofali zaidi ya machache yakijeruhiwa, simama.

#6 Karai_Jipya

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye jukwaa hili. Hawa "masons" na vyama vyao ndio wale freemason?

#7 KoziYaKwanza

@Karai_Jipya karibu. Swali hili huja kila uzi wa uashi, tulimalize haraka. Waashi wa mawe walikuwa na vyama vya kazi kabla ya jambo lolote la siri: jiji la London liliandika kanuni za waashi mwaka 1356, na chama cha waezekaji vigae na wajenzi wa matofali, Tylers and Bricklayers, kilipata hati ya kifalme mwaka 1568. Kazi yao ilikuwa kukagua tofali, mafunzo na ujira. Jumuiya unayoiwaza ilianzisha baraza lake kuu London mwaka 1717 na ilichukua alama za mwiko na timazi kutoka kwa mafundi. Wanachama wake hawakuhitaji kujua kujenga.

Moto wa London wa 1666 ndio uliovunja nguvu za vyama vile. Sheria ya kujenga upya ilitaka kuta za tofali au mawe, kazi ikazidi mikono, mafundi wa nje wakaruhusiwa kuingia.

#8 Bi_Maabara

Nimesoma kuanzia #1. Nina ubishi na #2. Saruji imeongeza tatizo, sikatai, lakini haielezi kwa nini chini ya sm 40 kuna nafuu. Saruji iko kote, si ndiyo?

Angalia umbo la uharibifu. Maji ya ardhini yanapanda kwenye ukuta kwa vitundu vidogo. Chini kabisa ukuta huwa na unyevu muda wote, kwa hiyo chumvi inabaki imeyeyuka na haidhuru sana. Juu zaidi kasi ya kukauka inakutana na kasi ya kupanda, na hapo ndipo chumvi inapoganda. Hata aina zinajipanga: salfeti hugandia chini, kloridi na nitreti husafiri juu zaidi kwa sababu zinayeyuka kirahisi na zinavuta unyevu wa hewa. Ukanda wa sm 40 hadi mita 1.2 ni picha kamili ya hilo. Ukuta huu ungeumia hata kwa viungo vya chokaa, pengine polepole zaidi.

Usikisie, pima. Toboa kwa kekee ya mwendo mdogo na ukusanye unga kwa kina cha sm 0–1, 1–3 na 3–5, kwenye urefu wa sm 20, 60, 100, 150 na 200. Pima uzito wa kila sampuli papo hapo, kausha kwenye joto la nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, pima tena. Tofauti ndiyo maji. Kisha loweka unga huo kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled) na utumie karatasi za kupimia kloridi, nitreti na salfeti. Kile kifaa cha umeme chenye sindano mbili kisikuamulie: chumvi inapitisha umeme, kitasoma "maji" hata ukuta ukiwa mkavu.

#9 Tanuri_La_Kuni

Dada, hapo kwenye nyuzi 105 kuna mtego. Ukuta ukiwa na jasi, iwe lipu ya jasi au salfeti ya kalsiamu iliyojiunda ndani, jasi inaachia maji yaliyofungwa kwenye fuwele zake na utayahesabu kama unyevu. Kausha kwa nyuzi 40 na uvumilie siku zaidi.

#10 Bi_Maabara

Kweli kabisa, ahsante. Penye jasi ni nyuzi 40.

#11 Mzee_Wa_Timazi

Mimi nawasikiliza wote wawili na bado sijaridhika. Kabla ya kuulaumu ugonjwa wa chini, tazameni juu na pembeni. Mfereji wa paa unavuja? Ardhi ya nje imepandishwa? Mara nyingi watu humwaga zege kuzunguka jengo wakidhani wanalinda msingi. Unyevu uliokuwa unatokea kwenye udongo wa nje unakosa pa kutokea, unaingia ukutani. Manifesto ya SPAB inasema kuzuia uchakavu kwa matunzo ya kila siku, na matunzo ya kila siku ni mifereji, siyo mota.

Na nafuu ya chini ya sm 40 ina maelezo mepesi kuliko fuwele: wajenzi wa zamani walichambua matofali. Yaliyoiva sana, mazito na ya rangi ya damu ya mzee, yaliwekwa kozi za chini (kozi ni mstari mmoja wa matofali) na upande wa mvua. Yaliyoiva nusu yaliwekwa juu na ndani. Sm 40 ni kozi tano na kidogo. Piga tofali la kozi ya tatu kwa kitako cha mwiko, kisha la kozi ya tisa. Moja litalia kama kengele, lingine kama mtungi wenye ufa.

#12 Tanuri_La_Kuni

@Mzee_Wa_Timazi umeingia kwangu. Kwenye tanuri linalopangwa kwa matofali yenyewe, ya katikati yanaiva vizuri, ya pembeni na ya juu yanabaki laini. Kipimo cha bei nafuu kuliko sikio: tofali moja lililolegea, likaushe mpaka uzito usimame, pima, lizamishe saa 24, futa, pima tena. Laini linaweza kunywa asilimia 20 na zaidi ya uzito wake. Usipokuwa na tofali la kutoa, tumia bomba la Karsten, lile la kioo linalogandishwa ukutani kwa nta laini. Jaza maji na soma kila dakika tano. Utaratibu umeandikwa na RILEM, chama cha maabara za vifaa vya ujenzi kilichoanzishwa Paris mwaka 1947. Linganisha kozi ya tatu na ya tisa kwa bomba hilo na ubishi wa #8 na #11 utapungua.

Swali kwa mleta mada: ukuta uliwahi kupigwa mchanga kwa kompresa? Tofali la kuchoma lina ngozi ya moto, sehemu ya nje iliyoiva zaidi, nene milimita chache tu. Ikiondoka, linabaki kama mkate uliokatwa ganda.

#13 Mwiko_Na_Timazi

Ndiyo. Ulikuwa na rangi. Ilitolewa kwa mchanga wa kompresa kabla ya kujaza viungo. Kuanzia kama sm 40 kwenda juu. Chini kulikuwa na lipu nyeusi ambayo ilitolewa kwa patasi.

#14 Chokaa_Mbichi

Mleta mada! Posti kumi na mbili tumegombana na hilo umelikalia mfukoni!

#15 Sululu

Sasa ni saruji, chumvi, mfereji, tofali bichi au kompresa? Tupige kura.

#16 Bi_Maabara

@Sululu kura haitoi chumvi. Kompresa inaeleza mpaka wa chini, haielezi kwa nini uharibifu unapungua baada ya mita 1.2 wakati mchanga ulipigwa mpaka juu. Mleta mada, ulipigwa mpaka juu?

#17 Mwiko_Na_Timazi

Mpaka chini ya madirisha kwa uhakika. Zaidi ya hapo kumbukumbu za kazi haziandiki.

#18 Fundi_Kozi_Saba

Tuache sababu kidogo, tuseme dawa. Toa saruji, jaza kwa chokaa ya hidrauliki (inayokaza hata majini) NHL 5, ndiyo imara, inadumu miaka mitano bila kuguswa. Au changanya chokaa na saruji kidogo, 1:3:12, saruji moja, chokaa tatu, mchanga kumi na mbili.

#19 KoziYaKwanza

@Fundi_Kozi_Saba kwa heshima, mambo mawili hapo yanaharibu kuta.

Kwanza, 5 si miaka. Kwenye viwango vya Ulaya vya EN 459 ile namba ni nguvu ya chini ya kubanwa baada ya siku 28, kwa niutoni kwa milimita ya mraba. NHL 2 inaruhusiwa kati ya 2 na 7, NHL 3.5 kati ya 3.5 na 10, NHL 5 kati ya 5 na 15. Tazama zinavyopandana: mfuko wa "3.5" unaweza kuwa na nguvu kuliko mfuko wa "5" wa kiwanda kingine. Na inaendelea kukaza baada ya siku 28. Kwa tofali linalotoa unga kiganjani, 5 ni kali mno.

Pili, 1:3:12. English Heritage (shirika la urithi la Uingereza), ICCROM (kituo cha kimataifa cha uhifadhi) na Chuo Kikuu cha Bournemouth walifanya utafiti unaoitwa Smeaton Project, wakajaribu chokaa iliyochanganywa na saruji kidogo, unga wa tofali na kadhalika. Saruji kidogo haikusaidia, ilidhuru: mota ilitoka dhaifu kuliko ilivyotegemewa, maana saruji inakaza mapema, chokaa inabaki nyuma haijamaliza kazi yake, na zinatengana ndani ya vitundu. Kilichofanya vizuri ni unga laini wa tofali lililochomwa kwa joto la chini. Unga wa tofali lililoiva sana haufanyi kazi, unakaa kama mchanga tu.

#20 Fundi_Kozi_Saba

Nimekusikia kwenye namba. Lakini unga wa tofali si ugunduzi wa utafiti. India wanauita surkhi, Uturuki horasani, Misri homra, Italia cocciopesto. Waashi walikuwa wanautumia kwenye matangi ya maji na hamamu kabla ya chuo kikuu chochote kupima. Hapo ndipo mashirika yananikera: yanachapisha kile ambacho mafundi walikijua, kisha fundi anahitaji cheti ili akitumie.

#21 Chokaa_Mbichi

Hapo umegusa penyewe. Nikamilishe mota, kwa sababu "1:3 ya chokaa" inaandikwa kila mahali na karibu kila mtu anaisoma vibaya.

1:3 ya chokaa ipi? Ukipima chokaa isiyozimwa, ile ya mabonge kutoka tanuri, ikikutana na maji inavimba karibu mara mbili kwa ujazo. Kwa hiyo moja kwa tatu ya mabonge inakuwa kama moja kwa moja na nusu baada ya kuzimwa. Mota nyingi za kale zilipimwa hivyo, chokaa na mchanga vikizimwa pamoja, ndiyo maana ukizivunja unaona ni nono, zina madoa meupe. Leo mtu anachukua chokaa laini ya pipa, anapima 1:3, anapata mota kavu isiyoshikana, kisha anailaumu chokaa.

Kwa chokaa laini iliyokaa pipani angalau miezi mitatu, mwulize mchanga wenyewe. Kausha mchanga kabisa, jaza chombo cha lita moja, mimina maji polepole mpaka yafike usawa wa juu. Yakiingia ml 330, mianya ni thuluthi, chokaa moja kwa mchanga tatu inatosha. Yakiingia ml 400, unahitaji moja kwa mbili na nusu. Mchanga usiokauka unadanganya kwa sababu unavimba. Na uwe wenye pembe na ukubwa mchanganyiko, kuanzia vumbi kiasi mpaka punje za thuluthi ya upana wa kiungo. Kwa kiungo cha mm 10, punje kubwa ni mm 3 hivi.

Usiongeze maji kulainisha. Ponda kwa mpini wa koleo, geuza, ponda tena, dakika ishirini. Mota ya chokaa inalainika kwa kupondwa.

Ukishajaza, gonga uso kwa brashi ngumu, usiulainishe kwa mwiko, maana mwiko unavuta chokaa juu na kufunga vitundu. Kisha magunia mabichi, angalau siku saba, yasiguse uso, nyunyizia asubuhi na jioni. Chokaa haikauki, inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, na inahitaji unyevu kufanya hivyo. Kasi yake ni kama milimita moja kwa mwezi. Ukitaka kuhakikisha, vunja kipande na udondoshee fenolftaleini, dawa ya kupimia kwa rangi: panapogeuka waridi bado, pasipobadilika rangi pameshakuwa jiwe.

#22 Karai_Jipya

Je, mota ya zamani mnajuaje ilikuwa na nini? Kuna maabara?

#23 Bi_Maabara

Kipande cha gramu 50, kikauke, kipondwe bila kuvunja punje, kiyeyushwe kwenye tindikali dhaifu ya hidrokloriki. Chokaa inayeyuka kwa mapovu, mchanga unabaki. Suuza, kausha, pima, pitisha kwenye chekeche ujue ukubwa wa punje. Tindikali ndani ya maji, kamwe usigeuze, na dirisha wazi.

Jaribio hili linapokosewa: mchanga ukiwa na makombe, matumbawe au mawe ya chokaa, nao unayeyuka. Utasoma mota nono kupita kweli na kunakili kosa kwenye ukuta mzima. Kwa mchanga wa namna hiyo inabidi kipande kikatwe chembamba na kutazamwa kwa hadubini. Building Limes Forum wana jarida linalojadili uchunguzi wa aina hii kwa kina, na wanachama wake ni mafundi, wakemia na wachoma chokaa kwa pamoja. @Mwiko_Na_Timazi hilo ni shirika moja ambalo dai lako haliligusi.

#24 Msoma_Mikataba

Nimechelewa. Naona mashirika yanachanganywa kama kokoto na mchanga. ICOMOS ndiyo idara ya Umoja wa Mataifa inayosimamia majengo, ina Mkataba wa Venice wa 1964, fundi apeleke malalamiko huko.

#25 KoziYaKwanza

Hapana mkuu. ICOMOS ni shirika lisilo la serikali la wataalamu, liliundwa 1965, linaishauri UNESCO kuhusu maeneo ya urithi. Mkataba wa Venice uliandikwa mwaka mmoja kabla ya ICOMOS kuundwa. ICCROM ya Roma ndiyo ya kiserikali, wanachama wake ni nchi, na kazi yake kubwa ni mafunzo: kozi yake ya uhifadhi wa mawe ilianza Venice mwaka 1976. ICCROM, UNESCO na CRAterre ya Grenoble (kituo cha ujenzi wa udongo) waliendesha pia programu ya uhifadhi ya AFRICA 2009 kuanzia 1998.

Kinachomfaa fundi kwa ICOMOS kiko kwenye kamati zake. Kamati ya mawe ilitoa kamusi ya picha ya aina za uharibifu mwaka 2008. Fungua uone kilichotokea kwa mleta mada kina jina gani, ili mkimwandikia mtaalamu msiseme tu "tofali linaoza". Kamati ya miundo ilitoa kanuni zilizopitishwa Victoria Falls, Zimbabwe, mwaka 2003, na zinafuata mpangilio wa daktari: historia, uchunguzi, tiba, ufuatiliaji. Uzi huu umekwenda tiba kwanza.

#26 Mzee_Wa_Timazi

Mimi nitamjibu mleta mada dai lake la kwanza. Mashirika yanayomfikia fundi ni yale ambayo fundi ndiye mwenyewe. Djenné, Mali, waashi wana chama chao, barey ton. Msikiti Mkuu wa udongo unapigwa lipu mpya kila mwaka na wao ndio wanaosimamia, mtoto anaanza kwa kubeba udongo. Karakana za makanisa makuu za Ulaya, Bauhütten, zipo Cologne, Ulm, Strasbourg hadi Trondheim, zinaajiri wachonga mawe kwa kudumu kwa jengo moja, na mwaka 2020 UNESCO iliziweka kwenye rejista ya mifano mizuri ya kulinda ujuzi. Ufaransa wana Compagnons du Devoir, kijana anahama mji hadi mji miaka kadhaa akijifunza. Hakuna hata mmoja hapo anayeanza na kabrasha.

#27 Fundi_Kozi_Saba

Mzee heshima yako, ila chama cha mafundi nacho kina ugonjwa wake: kosa la mwalimu linarithiwa. Udongo wa lipu ukiongezwa kila mwaka bila kukwangua wa zamani, unene unapanda, uzito unapanda, na nyufa zinafichwa. Pale Djenné Aga Khan Trust for Culture walipofanya ukarabati iliwabidi watoe tabaka zilizolundikana. Fundi na mpimaji wakikaa pamoja ndipo kitu kinaonekana.

#28 Sululu

Na kuta zisizo na mota kabisa? Huko hakuna saruji ya kugombania.

#29 Mzee_Wa_Timazi

@Sululu huko ugomvi ni wa kujaza. Dry Stone Walling Association ya Uingereza, ya mwaka 1968, inawapima mafundi kwa vitendo: bomoa, jenga tena, saa zinahesabiwa, ngazi tatu kisha ustadi mkuu. Kanuni: jiwe moja juu ya mawili, mawili juu ya moja. Urefu wa jiwe uingie ndani ya ukuta, usilale usoni kwa kupendeza. Katikati pajazwe mawe madogo moja moja kwa mkono, yasimwagwe kwa koleo, maana yaliyomwagwa yanashuka na kusukuma nyuso mbili nje mpaka ukuta unatoa tumbo.

Tumbo hilo ndilo linalofuatiliwa Great Zimbabwe, ambako ukuta wa nje wa boma kubwa una urefu wa kama mita 250 na kimo mpaka mita 11, granaiti tupu. Kabla ya kushusha sehemu iliyotoa tumbo, kila jiwe linapigwa picha na kupewa namba, na linarudi palepale lilipokuwa.

#30 Chokaa_Mbichi

Turudi kwenye tofali. Kama chumvi ipo, kabla ya mota mpya lazima itolewe kiasi: bandika tope la kaolini (udongo mweupe), mchanga na nyuzi za selulosi lililokorogwa kwa maji yaliyotoneshwa, liache likauke likivuta chumvi, libandue, pima, rudia. Lisibandikwe huku maji ya ardhini bado yanapanda, utakuwa pampu ya kuleta chumvi nyingine.

#31 Tanuri_La_Kuni

Na matofali yaliyorudi mm 15 usiyapake rangi ya kuzuia maji. Chumvi itagandia nyuma ya hiyo rangi na kuondoka na ngozi nyingine. Yaliyokwisha kabisa yakatwe, yawekwe mengine ya kipimo na ulaini ule ule. Tofali jipya gumu katikati ya laini litarudisha tatizo kwa majirani zake. British Brick Society wana maandishi mengi ya vipimo vya matofali kwa vipindi, maana kodi ya matofali ya Uingereza ya 1784 hadi 1850 ilibadilisha hata ukubwa. Mnaweza kutofautisha kiraka na ukuta wa awali kwa rula tu.

#32 Mwiko_Na_Timazi

Ahsanteni. Dai langu nalishikilia nusu. Kesho ukuta unatobolewa: urefu tano, kina tatu kila urefu, mahali pawili, sampuli thelathini. Bomba la Karsten kozi ya tatu, ya tisa na ya ishirini. Zege la nje litakatwa ukanda wa sm 30 kandokando ya ukuta na kujazwa kokoto. Viungo haviguswi mpaka majibu yatoke. Nitaleta namba hapa hapa.

#33 Msoma_Mikataba

Kwa hiyo kompresa imeshinda?

#34 Tanuri_La_Kuni

Bado. Bomba likisoma sawa kozi ya tatu na ya tisa, ngozi ya moto haina kesi.

#35 Bi_Maabara

@Mwiko_Na_Timazi toboa juu kwenda chini, si chini kwenda juu, unga wa sehemu yenye maji usibebwe na ncha ya kekee mpaka sehemu kavu. Futa ncha kila kina. Chupa zenye kifuniko cha kubana, siyo mifuko, na andika urefu na kina kwenye chupa yenyewe kabla ya kutoboa. Kifuniko kinahama.